UZI: Je, mgombea tajiri yuko mbali na sisi? Tuangalie historia kidogo

1/ Kila msimu wa siasa mjadala huu hurudi. Mmoja anasema, "Huyu anatembea na helikopta, atajuaje bei ya unga?" Mwingine anamjibu, "Afadhali tajiri, ameshashiba, hataiba." Na kila mmoja ana methali yake. Wa kwanza: aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wa pili: mkono mtupu haulambwi. Leo sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tupitie tulikotoka, kisha niwaambie msimamo wangu.

2/ Tuanze 1957. Hapo ndipo Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, viti 8 tu. Lakini si kila mtu alipiga kura. Uliangaliwa elimu, mapato, mali, utumishi wako. Na ukitimiza masharti mengi, ulipewa kura zaidi ya moja, hadi tatu. Yaani mwenye elimu na mali aliweza kuhesabiwa mara tatu, na asiye nacho asihesabiwe hata mara moja. Mali ilikuwa ndani ya sheria yenyewe.

3/ Mei 1963 mambo yakabadilika: mtu mzima mmoja, kura moja. Mwenye ekari elfu na kibarua wake wakawa sawa mbele ya sanduku. Lakini mali haikutoka kwenye siasa. Ilihama tu. Zamani ilimpima mpiga kura, sasa ikaanza kumpima mgombea.

4/ Ushahidi? Aprili 1965, mkutano wa hadhara Kandara. Kiongozi wa nchi alimgeukia mbunge wa eneo hilo, mtu waliyefungwa naye baada ya kesi ya Kapenguria. Akaanza kumtajia wenzao wa jela. Huyu amepanda kahawa. Yule ana nyumba kubwa na shamba zuri. Mwingine ana mabasi. Kisha akamuuliza mbele ya umati: wewe umejifanyia nini?

5/ Someni tena hilo swali polepole. Hakuulizwa amewafanyia nini watu wa Kandara. Aliulizwa amejifanyia nini yeye. Na kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa anadai ardhi igawiwe wasio na shamba bila malipo. Mwaka uliofuata alikuwa upinzani, na akapoteza kiti. Sisemi alishindwa kwa sababu ya swali lile peke yake, siasa za 1966 zilikuwa na mengi. Ninachosema ni kwamba kuanzia hapo umaskini wa kiongozi ulifanywa aibu, na utajiri wake ukafanywa cheti cha kazi nzuri.

6/ Sasa wale wa "matajiri wote wako mbali" wasikimbilie kushangilia. Kuna mbunge mwingine, wa Nyandarua. Naye aliwahi kuwekwa kizuizini na wakoloni. Lakini huyu alikuwa tajiri kweli: mashamba, farasi wa mashindano, michango mikubwa ya harambee kila kona ya nchi. Ndiye aliyeonya kwamba Kenya isigeuke nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Machi 1975 aliuawa, mwili ukapatikana Ngong. Waliomlilia zaidi ni wanafunzi na watu wasio na kitu.

7/ Waweke hao wawili pamoja. Mmoja hakujitajirisha, mwingine alikuwa na mali tele. Wote wawili walikuwa karibu na mwananchi wa chini, kwa sababu walisema habari za ardhi ambazo wenye nguvu hawakutaka kusikia. Kwa hivyo pesa mfukoni, peke yake, haikutuambia nani yuko karibu na nani yuko mbali.

8/ Basi umbali ulitoka wapi? Mimi naona ulipitia mlango wa harambee. Baada ya uhuru watu walijenga shule kwa mikono yao. Huyu analeta mchanga, yule mawe, mwingine siku moja ya kazi. Shule ilikuwa yao. Wakati huohuo mpaka kati ya cheo na biashara ukawa unafifia. Ripoti ya Tume ya Ndegwa ya 1971 iliruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao binafsi wakiwa kazini. Harambee nayo ikageuka jukwaa: mgeni rasmi, bahasha, jina na kiasi vinasomwa kwa kipaza sauti.

9/ Nimekaa kwenye harambee kadhaa za aina hiyo. Mama mboga anatoa shilingi 50, hakuna anayegeuka kumtazama. Mheshimiwa anatoa laki mbili, watu wanasimama na vigelegele. Kwa hesabu ya kile kilichobaki nyumbani, nani ametoa zaidi? Hapo ndipo mwenye shule anakuwa mgeni kwenye shule yake, na mgeni anakuwa mwenyewe. Mkubwa hakwenda mbali na sisi. Alikuja karibu sana, lakini akaja kama mfadhili. Na mfadhili hadaiwi, anashukuriwa.

10/ Na tusidhani zile pesa ni za bure. Uchaguzi wa 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, pesa zilimwagwa kama maji. Tulikula huku, tukapiga kura kule, tukajiona wajanja. Mwaka uliofuata, 1993, mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46, na zile pesa za kampeni zilichangia. Uliyepewa noti moja uliirudisha kila ulipoenda dukani kununua unga na mafuta. Hata yule ambaye hakupewa alilipa pia.

11/ Mwaka 2003 tulipata sheria ya maadili ya maafisa wa umma. Ilizuia afisa kutumia cheo chake kukusanya michango, na ikamtaka atangaze mali yake. Nzuri. Lakini fomu ya mali si kitu ambacho wewe na mimi tunaweza kuifungua tukaisoma. Mwaka huohuo ikaja hazina ya maeneobunge, ikipewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Pesa ya kodi yako. Lakini angalia basari inavyotolewa: picha ya nani iko kwenye bango? Hata kodi yetu tunapewa kama zawadi.

12/ Sasa hesabu. Ada ya tume ya uchaguzi kwa mgombea ubunge 2022 ilikuwa shilingi 20,000. Si haba kwa mtu wa kibarua, lakini hiyo ndiyo ndogo. Nchi ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, yaani wastani wa karibu 160 kwa kila eneobunge. Weka wakala mmoja kila kituo, mlipe 1,000 tu, hiyo ni laki moja na sitini kwa siku moja. Bado mchujo wa chama, mabango, magari, mafuta, vijana wa kuandamana nawe, na wale wanaokusubiri langoni saa kumi na moja asubuhi.

13/ Mbunge analipwa zaidi ya laki saba kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa miaka mitano, tuseme milioni 42 na ushee. Mtu akitumia milioni 60 kutafuta kazi ya milioni 42, kuna mahali anatarajia kuzipata zilizobaki. Na yule maskini aliyelipiwa kampeni na bwanyenye fulani? Huyo anaweza kuwa mbali nawe kuliko tajiri, kwa sababu bosi wake si wewe tena.

14/ Dawa iliandikwa zamani. Sheria ya gharama za kampeni ni ya 2013. Uchaguzi wa 2017 ukapita bila kutumika. Mwaka 2021 tume ikatoa viwango, mgombea urais asizidishe bilioni 4.4. Bunge likazitupa kanuni hizo. Uchaguzi wa 2022 ukaenda hivyohivyo, huku sisi tukibishana nani ni "hustler" na nani ni mtoto wa tajiri. Tulibishana kuhusu walikozaliwa, tukasahau kuuliza pesa za kampeni zinatoka wapi.

15/ Lakini 2024 kuna kitu kiligeuka. Vijana waliingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na mitandaoni wakawa wanakokotoa bei ya saa, mishipi na viatu vya wakubwa. Julai rais akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Baadaye bahasha zilirudi, sasa zikiitwa "uwezeshaji". Hata hivyo, swali lilikuwa limebadilika. Kandara 1965 mkubwa alimuuliza mwenzake, "Umejifanyia nini?" Miaka 59 baadaye raia wakauliza, "Umetoa wapi?"

16/ Msimamo wangu basi: sitamnyima mtu kura kwa sababu ana pesa, wala sitampa kwa sababu hana. Nitamuuliza mambo matatu. Mali yako ilitoka wapi? Nani analipia kampeni hii? Wewe na watoto wako mnatibiwa na kusoma wapi, ili nijue dawa zikiisha hospitali ya kaunti utaumia nami au utasoma tu kwenye habari? Akikasirika, nimeshapata jibu.

17/ Na sisi pia tujiulize. Ukimwendea mgombea kuomba ya chai, umeuza haki ya kumuuliza hayo matatu. Najua njaa haina adabu, siwahukumu. Lakini bei ya 1993 tuliilipa sote. Kwenu huko, wagombea wanaulizwa nini? Andikeni hapa chini, bila matusi na bila majina.