Kuzamia katika ziwa Tanganyika: vazi la unene gani linakufaa?

Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa, kuanzia Uvira na Baraka mpaka Kalemie na Moba, tumezoea kuoga ziwani toka utoto. Maji yake si ya baridi. Njo maana mtu akiona mzamiaji amevaa vazi la mpira mwili mzima, anacheka: huyu anaogopa baridi gani? Lakini wale wanaokamata samaki za mapambo, na vijana wanaoingia majini kutafuta ndugu zetu wakati mtumbwi umezama, wanajua. Kisha muda mrefu chini ya maji, meno yanaanza kugongana.

Baridi inatoka wapi?

Mwili wa mtu una joto la digrii 37 hivi. Maji ya juu ya Tanganyika yanakuwa kati ya digrii 24 na 29 kufuatana na majira, na kule chini kabisa ni karibu digrii 23. Hata maji ya digrii 27 ni baridi kuliko mwili, na maji yanaondoa joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Hatari ni kwamba baridi hiyo inakuja polepole. Vidole vinakufa ganzi, akili inakuwa nzito, na mzamiaji anaweza kusahau kuangalia hewa iliyobaki katika chupa yake.

Vazi linafanya kazi namna gani?

Vazi la kuzamia, wengine wanaliita kombinezo, limeshonwa kwa mpira wa neopreni wenye vipovu vidogo sana vya gesi ndani. Vipovu hivyo njo vinavyozuia joto lisitoke. Maji kidogo yanaingia kati ya vazi na ngozi, mwili unayapasha moto, na yanabaki pale. Vazi likiwa kubwa, maji mapya yanaingia kila mara na kazi yote inapotea. Kwa hiyo vazi la milimita 3 linalokushika vizuri linashinda lile la milimita 5 linalokupwaya.

Uchague unene gani?

Maji yakiwa digrii 28 na zaidi, na hukai sana, milimita 1 au 2 inatosha. Kati ya digrii 24 na 28, chukua milimita 3, lenye mikono na miguu mirefu. Kwa ziwa letu, hilo njo la kuanzia. Ukizamia mara nyingi kwa siku moja, ukikaa chini bila kujisogeza sana, au wewe ni mwembamba na unasikia baridi haraka, chukua milimita 5. Vilevile kati ya mwezi wa 5 na wa 9, wakati upepo wa kusini unapuliza na maji yanapoa, zaidi upande wa kusini mwa ziwa. Ukiona imeandikwa 5/3, ya kwanza ni unene wa kifuani, ya pili ni wa mikono na miguu.

Usisahau kina. Unaposhuka, maji yanafinya vile vipovu na vazi linakuwa jembamba. Lile lililokupa joto kwenye mita 5 halitakupa joto lile lile kwenye mita 25.

Je, si afadhali kuchukua nene kabisa?

Hapana. Vazi nene linaelea, kwa hiyo linadai uzito mwingi zaidi kwenye mkanda. Pia linakubana na kukuchokesha. Ukibadilisha unene, pima uzito upya karibu na ufuko kabla ya kwenda mbali. Na jua kwamba katika maji yasiyo na chumvi unahitaji uzito kidogo kuliko baharini.

Ukinunua la mitumba

Finya mpira kwa vidole: ukirudi haraka, ungali mzima, ukibaki umebonyea au umekauka, uache. Livae, inua mikono, chuchumaa, vuta pumzi. Lisikunyime hewa, lakini lisiache nafasi mgongoni wala shingoni. Kisha kazi, lisafishe kwa maji safi na ulianike kivulini.

Vazi linafunika ngozi, lakini halizuii kabisa kichocho, na mbele ya mamba halisaidii kitu. Tena Tanganyika iko mita zaidi ya 770 juu ya bahari: mahesabu ya muda wa kuzamia yaliyopangwa kwa bahari lazima yarekebishwe na mtu aliyefundishwa.

Ukianza kutetemeka chini ya maji, usijikaze. Mpe mwenzako ishara, mpande wote wawili taratibu. Toka, vua vazi, jikaushe, vaa nguo kavu, kunywa chai ya moto. Siku hiyo imetosha. Ziwa litakuwa pale kesho.