Kabla ya Kuvuka Kwenda Kilwa

Wahenga walisema, kusikia si kuona. Methali hiyo yanisuta, kwa maana kwa miaka mingi nimeutaja mji wa Kilwa katika mashairi yangu, na wala sijapata kuukanyaga. Kazi ya serikali imenipeleka mikoa mingi, huko haikunifikisha. Hivi karibuni kijana wa kidato cha tatu aliniuliza mbele ya wenzake kama ile minara ya Kilwa niliyoisifu niliiona kwa macho yangu. Sikuwa na la kujibu.

Basi Jumamosi hii, panapo majaliwa, nitapanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam, nivuke mto Rufiji juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2003, nilale Kilwa Masoko, na Jumapili nichukue mashua hadi Kilwa Kisiwani. Lakini kabla ya safari nimeona yafaa nisome kwanza, na kusoma kumenifedhehesha zaidi. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hauna mnara. Misikiti ya kale ya pwani yetu, isipokuwa michache, haikuwa nayo. Nilisifu kisichokuwapo, na kilichokuwapo nikakiacha.

Kilichokuwapo ni kikubwa. Dhahabu ya bara, iliyoteremshwa Sofala, ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Mwaka 1331 alifika msafiri Ibn Battuta, akauhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri kabisa. Mtawala wa siku hizo, Sultani Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Juu ya jabali la ufukweni ingali imesimama Husuni Kubwa, magofu ya jumba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane.

Lililonigusa mimi mtunzi ni sarafu. Sarafu ndogo za shaba za Kilwa zilipigwa chapa ya Kiarabu: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zinaoana kwa vina. Watu wale walibeba ubeti mfukoni wakienda sokoni! Sarafu moja ya Sultani Hasan imepatikana mbali sana, katika magofu ya Great Zimbabwe.

Nani aliujenga mji huu? Masimulizi ya kale yasema kisiwa kilinunuliwa na mwana wa mfalme wa Shirazi kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Ni hadithi tamu, na imehifadhi kumbukumbu ya biashara ya ng'ambo. Hata hivyo, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta chini ya nyumba za mawe mabaki ya wakazi wa awali: vyungu vya namna ile ile iliyoenea pwani yetu, na dalili za ufuaji wa chuma. Mgeni alikuta wenyeji.

Tusiusifu mji nusu nusu. Ibn Battuta huyo huyo aeleza jinsi sultani alivyowavamia majirani wa bara na kuchukua ngawira. Mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka na kuupora mji, wakajenga ngome, kisha wakaondoka mwaka 1512. Na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, ng'ambo ya pili, ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa. Hayo nayo ni urithi wetu, na mwanafunzi ana haki ya kuyajua.

Nawaomba walimu wanaowapeleka vijana kwenye magofu wawape kwanza kitabu na daftari. Asiyejua anachokwenda kukitazama huona mawe tu. Katika daftari langu nimeandika mambo matatu: kupapasa kuta za matumbawe, kuhesabu pembe za birika, na kumwuliza mzee wa kisiwani mababu zake waliyaitaje majumba yale. Nikirejea, nitakwenda kwenye darasa lile lile, nimtafute kijana aliyeniuliza, nimwambie kwamba minara haikuwapo.