Pikipiki ya Easy Rider Ilikuwa na Wenyewe

Wasee, wengi wenu mlitazama The Bikeriders kwa sababu ya Austin Butler, msinidanganye. Jamaa amekalia Harley, sigara mdomoni, na kesho yake kila mtu mtandaoni anataka pikipiki "kama ile". Sawa, hata mimi naitaka. Lakini ile muvi ilitoka kwa kitabu cha picha cha 1968, na aliyepiga hizo picha anaitwa Danny Lyon. Kabla aingie kwa klabu ya mapikipiki ya Chicago na kamera yake, Lyon alikuwa mpiga picha wa SNCC, lile kundi la vijana waliopigania haki za watu weusi Marekani. Mwaka wa 1964, mji wa Cambridge, Maryland, alipiga picha ya kijana mweusi akikamatwa na wanajeshi. Wengine wanamvuta huku, wengine wanamng'ang'ania huko.

Huyo kijana anaitwa Cliff Vaughs. Shika hilo jina, tutamrudia.

Kwanza pikipiki yenyewe. Hapa kwetu pikipiki ni nduthi, ni kazi. Unaamka, unajaza mafuta ya mia mbili, unaenda stage. Kruza ni kitu kingine. Kiti kiko chini, miguu imenyooshwa mbele, usukani umerudi kwako, na injini ni kubwa kuliko unavyohitaji kufika popote ndani ya Nairobi. Ilizaliwa Marekani kwa sababu Marekani ni mbali. Kampuni ya Indian ilianza 1901, Harley-Davidson 1903 huko Milwaukee, na wateja wao walikuwa na safari ndefu, barabara mbovu, na mwili wa kuumwa mgongo kama sisi wote. Pikipiki ikajengwa ya kuketi, si ya kulalia tangi.

Halafu kuna ile sauti. Injini ya Harley ina silinda mbili zilizokaa kama herufi V, na pistoni zote mbili zimeshikwa mahali pamoja kwenye krenki. Kwa hivyo haziwaki kwa zamu sawa. Inapiga, inapiga tena haraka, inapumzika, inapiga. Kama moyo wa mtu amepanda ngazi za gorofa ya saba. Mwaka wa 1994 kampuni iliomba serikali iisajili ile sauti kama mali yake, washindani wakapinga, na mwaka wa 2000 ikaachana na hiyo kesi. Hebu fikiria, kumiliki mngurumo.

Sijawahi kumiliki kruza, wacha niseme wazi, doh iko wapi. Lakini kuna mzee mtaani kwetu ana Yamaha Virago ya zamani, 535, ameiita Shosh, na amenibeba mara kadhaa. Haina cheni, nguvu inaenda gurudumu la nyuma kwa shafti, na hilo ndilo jambo la kwanza atakuambia hata kama hujauliza. La pili ni kwamba spea ni shida. Alingoja gasketi moja miezi mitatu. Ukiwa kwa jam ya Jogoo Road saa saba mchana, joto la injini linakupika paja la ndani, na hiyo pikipiki ni nzito, huwezi kuchomoka katikati ya matatu kama Boxer. Wenye boda wanakupita wakicheka. Lakini mkishafika barabara iliyofunguka, upande wa Naivasha, mzee anatulia kabisa. Haendi mbio. "Kijana," aliniambia siku moja tukinywa chai, "hii ukiikimbiza unaiharibia raha." Na kwa barabara ya roadblock tano tulisimamishwa mara mbili, kwa sababu polisi wanataka kujua mtu kama yeye ametoa wapi kitu kama hicho.

Hilo swali la polisi ndilo limenifanya niandike hii kitu, kwa sababu lina historia.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Harley ilitengenezea jeshi makumi ya maelfu ya pikipiki. Vita vikaisha, nyingi zikauzwa bei ya kutupa. Vijana waliorudi vitani wakazinunua, na kwa sababu zilikuwa nzito ajabu, wakaanza kuzipunguza. Madigadi yakakatwa, kile ambacho hakikusaidia kikatolewa. Kwa hivyo ule muundo unaouona leo ukiuzwa kwa mamilioni haukuanza ofisini. Ulianza na mwenye pikipiki, msumeno na uwanja wa nyuma ya nyumba. Vile vile jamaa wa boda hapa kwetu hununua pikipiki plain, na ndani ya mwezi mmoja ina mwavuli, spika, taa za disko na tope la mbele limeandikwa jina la mtoto wake.

Julai 1947, mji wa Hollister, California, ukajaa waendesha pikipiki kwa wikendi ya mbio. Kulikuwa na ulevi, kukawa na vurugu na watu wakashikwa. Gazeti la picha la Life likachapisha picha moja: jamaa mlevi juu ya Harley, chupa tupu za bia zimejaa chini ya magurudumu. Mtu aliyekuwa pale alisema baadaye kwamba picha ilipangwa, chupa zikasogezwa hapo. Lakini nani alisoma marekebisho? Mwaka wa 1953 Hollywood ikatoa The Wild One, Marlon Brando na jaketi ya ngozi, na kuanzia hapo mwenye pikipiki kubwa akawa mhalifu hadi athibitishe vinginevyo. Kichekesho ni kwamba Brando kwa ile muvi hakupanda kruza ya Kimarekani. Alipanda Triumph, ya Uingereza.

Sasa, kama mzungu mwenye Harley alikuwa mhalifu, mwenye Harley mweusi alikuwa nani? Oakland, 1959, vijana weusi waliokuwa na klabu ya magari waligeukia mapikipiki na kuanzisha East Bay Dragons, chini ya Tobie Gene Levingston, ambaye familia yake ilikuwa imetoka Louisiana. Wote Harley. Na si Harley ya dukani, ni zilizokatwa, zikapakwa rangi za kung'aa, zikawekewa kromu. Watu wa viwandani na bandarini, mshahara wa wiki, weekend wanatoka kwa mstari mmoja mrefu, ngozi nyeusi juu ya mashine ambayo Marekani ilidhani ni ya wengine. Kusimamishwa na polisi ilikuwa sehemu ya kuimiliki, kama vile mafuta. Nikisoma habari zao namwona mzee na Shosh pale roadblock.

Na kusini mwa Los Angeles kulikuwa na fundi anaitwa Ben Hardy. Alikuwa mweusi pia, na karakana yake ilikuwa katikati ya mtaa wa watu weusi. Huyu ndiye ulienda kwake kama unataka chopa. (Si ile ya mheshimiwa kutua nayo mazishini. Chopa ni pikipiki iliyokatwakatwa na kuundwa upya: chuma mbili za mbele zimerefushwa, usukani umepanda juu. Kwa barabara iliyonyooka inatulia kama treni, kwa kona ya mtaani ni mateso.) Cliff Vaughs alikuwa na chopa yake. Alisema aliipanda hata huko Alabama akifanya kazi ya SNCC, ili weusi wa Kusini wamwone mtu wao yuko huru juu ya kitu kama hicho. Alabama ya miaka hiyo, manze. Kule watu waliuawa kwa kujiandikisha kupiga kura.

Kisha Peter Fonda na Dennis Hopper wakataka kutengeneza muvi ya majamaa wawili wanaovuka Marekani kwa mapikipiki. Vaughs akaingia kwa timu. Yeye na Hardy wakachukua Harley za zamani za polisi zilizonunuliwa mnadani, hebu onja hiyo, za polisi, wakazigeuza kuwa chopa nne. Moja wapo ya muundo, tangi lake likapakwa bendera ya Marekani: Captain America. Pengine ndiyo pikipiki maarufu kuliko zote duniani. Kabla kazi iishe, Vaughs akatolewa kwa timu. Easy Rider ikatoka 1969, ilitengenezwa kwa dola kama laki nne na ikaingiza mamilioni kwa makumi. Majina yanapopita mwishoni, Vaughs hayuko na Hardy hayuko.

Kuna page kubwa hapa Kenya ilichukua video yangu ya historia ya bodaboda, ikakata jina langu pale chini, ikapata views ambazo mimi sijawahi kuota. Niliuma meno wiki nzima. Hiyo ni video ya dakika mbili. Hawa walinyang'anywa sura ya pikipiki ya karne.

Na kinachoniuma zaidi ni mwisho wa ile muvi (kama hujaiona, ina zaidi ya miaka hamsini, usinilaumu). Majamaa wawili wazungu wanapigwa risasi huko Kusini na watu wa pickup, kwa sababu tu ya nywele ndefu na jinsi walivyo. Dunia nzima ililia. Huko Kusini, mtu aliyewekwa kwenye hatari hiyo kwa kweli, juu ya chopa ya kweli, alikuwa Vaughs, na ndani ya hadithi hakuachiwa hata sehemu ya kupita.

Baada ya hapo kila mtu alitaka ile sura. Mwaka wa 1971 Harley yenyewe ilitoa Super Glide, pikipiki ya kiwandani iliyoiga zile za mitaani. Ndiyo kruza kama tunavyoijua: wenye pikipiki walibuni, kiwanda kikawauzia tena. Na kiwanda chenyewe wakati huo kilikuwa na hali mbaya. Kilikuwa chini ya kampuni ya AMF tangu 1969, na wenye Harley za miaka hiyo bado wanatania kuhusu dimbwi la oili chini ya pikipiki asubuhi. Mameneja walikinunua 1981, injini mpya isiyovuja ikaja 1984, na mwaka wa 1983 walikuwa wameanzisha klabu rasmi ya wateja, HOG. Undugu wa barabarani ukawa na fomu ya kujaza. Kruza ikapanda bei hadi ikawa ya daktari wa meno.

Kati ya zile chopa nne, inasemekana tatu ziliibiwa, na moja ikaharibiwa kwa ile scene ya mwisho na kujengwa upya baadaye. Oktoba 2014 pikipiki iliyotajwa kuwa hiyo iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 1.35. Papo hapo ukazuka ubishi mkubwa: ni yenyewe au si yenyewe, fremu ni ya kweli au ya kuunda, nani ana karatasi.

Hardy alikuwa amefariki 1994. Vaughs alikuwa hai, ana miaka 77. Hakuwa muuzaji, wala mnunuzi.