Daraja, Kifaru na Feri: Kinaya cha Mombasa katika Mchezo wa Halo

Michezo ya video haijapata nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili, ingawa Mombasa imo ndani yake tangu 2004. Mwaka huo kampuni ya Bungie ya Marekani ilitoa Halo 2, ambamo wavamizi kutoka anga za mbali wanaushambulia mji huo mwaka 2552. Mnamo 2009 ukafuata Halo 3: ODST, unaotendeka karibu wote katika mitaa ya Mombasa hiyo ya kubuni, hata majina ya Kizingo na Kikowani yamo.

Kwa jicho la uhalisia, kanuni za Halo 2 ni vituko. Shujaa akimiminiwa risasi hujibanza nyuma ya ukuta kwa sekunde chache, na ngao yake ikawa nzima tena. Kifaru kikipinduka, hukiinua peke yake. Mchezaji hubonyeza kitufe, basi. Msomaji mwenye dhihaka atauliza mbona bwana huyu hakuajiriwa Changamwe, ambako lori la makontena likilala ubavu hungojewa winchi huku foleni ikinyooka kuelekea Miritini.

Kicheko hicho si dalili ya kutoielewa fani. Utendi nao una kanuni zake: Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hafi ila kwa shaba ikidungwa kitovuni, na hadhira hailalamiki. Hata hivyo, kanuni ya Liyongo ina gharama, kwani siri yake hufichuliwa kwa usaliti wa mwanawe mwenyewe. Kitufe hakimsaliti mtu.

Kanuni iliyo nzito zaidi ni ya daraja. Wabunifu wa Halo 2 wameupindua mji: Mombasa kongwe wameiweka bara, ilhali Mji wa Kale halisi uko kisiwani, na shujaa huvuka maji akiwa ndani ya kifaru, juu ya daraja refu mno. Mkazi wa Kisauni hatashangaa sana, maana Daraja la Nyali analo tangu 1980. Wa Changamwe ana Makupa. Lakini kati ya Likoni na kisiwa hakuna daraja la magari. Lile la Liwatoni, lililofunguliwa Januari 2021, lilielea majini na lilikuwa la waendao kwa miguu tu. Kwa msomaji wa Likoni, basi, wavamizi wa angani wanasadikika kuliko daraja.

Mchezaji akitumbukia baharini kutoka darajani, mchezo humrudisha nyuma hatua chache, ajaribu tena. Kanuni hii haichekwi kwa wepesi upande wa kusini. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, wakafa watu 272. Wengi wao walikuwa wakienda kazini kisiwani.