Njia ya Misafara na Ramani ya Shule Tabora

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ilipo Tabora ya leo, mwaka 1857, walikuta tembe za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili mahali ambapo njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita penye maji na chakula cha kununua. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na katika miaka ya 1920 Waingereza wakafungua hapo shule ya watoto wa watemi, aliyosoma Julius Nyerere. Elimu, kwa ufupi, iliwekwa kule mizigo ilikokuwa ikipita, na anayepanga shule mpya kwa kutazama zilipo za zamani bado anafuata msafara. Ndiyo maana naona ramani za kompyuta zina kazi Tabora kuliko mahali pengi: zinamruhusu mpangaji aanze na makazi ya watoto, barabara ije baadaye.

Atatokea wa kusema kwamba urithi huo ulifutwa na vijiji vya ujamaa na Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto asome. Ni kweli shule ziliongezeka sana. Lakini operesheni za kuanzisha vijiji hivyo zenyewe zilihamishia watu wengi kandokando ya barabara, na tangu hapo wafugaji na wakulima wa tumbaku wamezidi kuingia kwenye misitu ya miombo, wilayani Kaliua na Sikonge. Mkoa ulikuwa na watu milioni 2.29 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika milioni 3.39. Pingamizi zito zaidi ni la maofisa wa misitu, kwamba kuwaweka kwenye ramani watoto walio ndani ya hifadhi za misitu ni kuwahalalisha wavamizi. Sikubaliani nalo, kwa sababu alama ya ramani haimpi mtu hati ya ardhi, na hata anayetaka kuzihamisha kaya hizo lazima kwanza ajue watoto ni wangapi na wataandikishwa wapi.

Hata hivyo kompyuta hudanganya kwa urahisi. Chora duara la kilomita 3 kuizunguka shule, na kitongoji cha ng'ambo ya mbuga kitaonekana kimehudumiwa. Masika mbuga hiyo hujaa maji na mpunga, na mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa karibu analazimika kuizunguka yote. Kipimo kinachofaa ni njia ya miguu ya mwezi Machi, na hiyo anaijua mwenyekiti wa kitongoji. Kwake ndiko halmashauri ianzie kabla haijaamua shule shikizi, yaani tawi la shule mama, ijengwe upande upi.