Anatarajiwa na Nani?

Ujanani, katika chumba cha habari, niliandika: "Waziri anatarajiwa kuwasili kesho." Mzee aliyekuwa msahihishaji wetu akauliza, "Anatarajiwa na nani?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimefasiri taarifa ya Kiingereza. Maneno nimebadili, mifupa nimeiacha.

Watu hulalamikia shati na baiskeli. Hayo yamekwisha kuwa wenyeji. Muundo wa sentensi ndio huingia bila hodi.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati iliyoanza kazi 1930 ikasimamia vitabu vya shule, vingi vimefasiriwa kutoka Kiingereza. Kisha mwaka 1967 Serikali ya Tanzania ikaagiza Kiswahili kitumike ofisini, na karani aliyezoea kuandika Kiingereza akawa mfasiri bila kufunzwa. Sishangai basi kusoma kwamba mkutano "ulichukua nafasi", kana kwamba haukuweza kufanyika tu. Na hiyo "mwisho wa siku" yetu, husemwa hata saa tatu asubuhi!

Mzee yule alifuta sentensi yangu, akaandika: "Waziri atawasili kesho." Kiswahili safi kabisa.

Waziri hakuja.