Majarida ya Sweden na Watu Walioyafikisha Mlangoni

Mwaka 1940 serikali ya Sweden ilitaka kuyanyamazisha magazeti ya kikomunisti bila kuyafungia. Finland, jirani wa mashariki, ilikuwa imevamiwa na Urusi ya Kisovieti, na wakomunisti wa Sweden walikuwa wakiitetea Moscow. Kuyapiga marufuku moja kwa moja kungevunja uhuru wa uchapishaji, kitu ambacho Waswidi hujivunia mbele ya mataifa. Basi ikatafutwa njia ya pembeni. Magazeti kama Ny Dag na Norrskensflamman yaliachwa yachapwe kama kawaida, ila treni, mabasi na posta vilikatazwa kuyabeba. Mhariri alikuwa huru kabisa kuandika, na mzigo wake ulikuwa huru kabisa kubaki stoo.

Waliokuwa wakimsema Hitler nao walikiona cha moto. Ture Nerman, mshairi na mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, alianzisha jarida la wiki Trots Allt! mwaka 1939. Hazikupita siku nyingi akahukumiwa miezi mitatu jela kwa makala iliyohusu bomu la Munich, lile lililomkosa Hitler kwa dakika chache. Baada ya hapo matoleo ya jarida lake yalikamatwa mara kwa mara, kwa kuwa serikali iliogopa kuiudhi Berlin. Vita vilipokwisha ikaja sheria mpya ya uhuru wa uchapishaji ya 1949, ambayo ni sehemu ya katiba. Walioiandika walikuwa na kumbukumbu mbichi, wakaweka wazi kwamba chombo cha usafiri wa umma hakiwezi kukataa chapisho kwa sababu ya yaliyomo.

Naanza na kisa hiki kwa makusudi. Historia za majarida huandikwa kama orodha ya wahariri na wenye mali, na aliyebeba mzigo husahaulika. Kwa Sweden hilo ni kosa. Nchi ni ndefu, watu ni wachache, na majira ya baridi ni marefu; jarida lililopata mtu wa kulifikisha mlangoni liliishi, na lililomkosa lilikufa hata kama liliandikwa kwa ufundi.

Jarida linalohesabiwa kuwa mama wa mengine yote ni Then Swänska Argus, lililotoka Stockholm kila wiki kuanzia 1732 hadi 1734. Mwandishi wake alijificha. Mji mzima ulinong'ona: ni nani huyu anayewacheka wakubwa, anayewasema wavivu, na anayejiandikia barua za kubuni kwa jina la mabibi na mabwana kisha kuzijibu mwenyewe? Alikuwa Olof von Dalin, mtoto wa mchungaji kutoka Halland, kijana wa miaka 24. Mtindo aliuchukua London kwenye jarida The Spectator la Joseph Addison na Richard Steele, lakini Kiswidi kilikuwa chake, chepesi na cha watu wanaozungumza, wakati wasomi wenzake walikuwa bado wakiburuta sentensi nzito zenye harufu ya Kilatini na Kijerumani. Wataalamu wa lugha hiyo huuchukua mwaka 1732 kuwa mpaka. Upande wa huku ndipo Kiswidi cha kisasa kinapoanza. Ni jarida gani jingine duniani limepewa heshima ya kuigawa historia ya lugha mara mbili?

Dalin mwenyewe alilipwa vizuri kwa utani wake. Mwaka 1737 alikabidhiwa maktaba ya mfalme, na baadaye akawa mwalimu wa mwanamfalme atakayekuja kuwa Gustav III. Mwaka 1738 Margareta Momma, mwanamke wa Stockholm, alitoa jarida lake la mazungumzo akilijibu Argus, naye pia bila kutaja jina. Leo anatajwa miongoni mwa wanahabari wa kwanza wa kike nchini humo.

Wakati huo bado kulikuwa na mdhibiti wa serikali aliyesoma kila kitu kabla ya kuchapwa. Cheo hicho kilifutwa Desemba 1766, Bunge lilipopitisha sheria iliyosukumwa na Anders Chydenius, mchungaji kutoka Ostrobothnia, katika Finland ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Sweden. Maandishi ya dini ndiyo pekee yaliyobaki chini ya uangalizi. Sheria hiyohiyo ilimpa raia haki ya kuomba na kusoma nyaraka za serikali. Gustav III, mwanafunzi wa yule mcheshi Dalin, aliipunguza makali baada ya kujitwalia madaraka mwaka 1772. Mwalimu hapimwi kwa mwanafunzi mmoja.

Karne ya 19 ilileta wasomaji. Tukiwa wakweli, wasomaji walikuwapo zamani: sheria ya Kanisa la Kilutheri ya 1686 ilimtaka kila mtu, mpaka kijakazi, aweze kusoma mafundisho ya dini, na mchungaji alipita nyumba kwa nyumba kuwapima. Mwaka 1842 kila parokia iliamriwa iwe na shule. Kilichokosekana kilikuwa njia. Mwaka 1862 reli ya Stockholm hadi Göteborg ilikamilika, na mwaka huohuo Christian Gernandt wa Norrköping alianza kuchapa Svenska Familj-Journalen, jarida la familia lenye picha zilizochongwa kwenye mbao. Kisha akaja Carl Aller kutoka Copenhagen, aliyekwisha kufanikiwa Denmark kwa majarida ya mitindo na ya familia. Toleo lake la Kiswidi, Allers Familj-Journal, lilianza mwaka 1879 na bado lipo. Hadi leo sehemu kubwa ya majarida ambayo Mswidi huyaona kuwa yake, pamoja na la vibonzo vya Kalle Anka, yaani Donald Duck, iko mikononi mwa kampuni zenye asili ya Denmark. Waswidi hawapendi sana kukumbushwa hilo.

Pale wanawake waliposhika kalamu ndipo historia hii inaponoga. Mwaka 1859 Sophie Adlersparre na Rosalie Olivecrona walianzisha Tidskrift för hemmet, jarida la nyumbani kwa mwanamke wa Sweden. Usidanganyike na jina. Mwaka mmoja kabla yake, mwanamke asiyeolewa alikuwa bado chini ya ulezi wa mwanamume kisheria, na sheria mpya ya 1858 ilimruhusu tu kuomba ahesabiwe mtu mzima akifika miaka 25. Wahariri hao wawili walizungumzia elimu, kazi zenye mshahara na mali ya mke, kwa sauti ya upole iliyomfanya baba mwenye nyumba asione sababu ya kulikataza. Adlersparre alitia sahihi kwa jina la Esselde. Jarida lilipokoma mwaka 1885 alikuwa amekwisha kuanzisha chama kilichopewa jina la mwandishi Fredrika Bremer, na chama kikaanza kutoa Dagny, ambalo mwaka 1914 lilibadilika kuwa Hertha, jina la riwaya ya Bremer.

Kwenye Dagny ndimo zilimochapwa soneti za mwalimu mmoja wa shule ya wasichana mjini Landskrona, jina lake Selma Lagerlöf. Mwaka 1890 jarida jingine la wanawake, Idun, lililoanzishwa na Frithiof Hellberg miaka mitatu nyuma, lilitangaza shindano la hadithi. Mwalimu yule alikuwa na riwaya kichwani lakini hakuwa na muda. Alituma sura tano tu za kitabu ambacho hakikuwa kimekamilika, kuhusu mchungaji mlevi aliyefukuzwa kanisani na kundi la mabwana wasio na kazi. Akashinda. Mwaka uliofuata Gösta Berlings saga ikatoka nzima, na Hellberg mwenyewe ndiye aliyeichapisha. Mwaka 1909 Lagerlöf alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwanamke wa kwanza kuipata. Wanaodharau majarida ya akina mama, yenye mapishi na vipimo vya nguo, wamkumbuke huyo: mlango wake wa kuingilia fasihi ya dunia haukuwa chuo kikuu.

Biashara kubwa ilikuja na mchapishaji Erik Åkerlund. Mshirika wake, Johan Petter Åhlén, alikuwa ametajirika kwa kuuza bidhaa kwa posta kutoka Insjön, kijiji cha Dalarna. Wateja walichagua kwenye katalogi na furushi likafika. Mtu anayejua kulifikisha furushi anajua pia kulifikisha jarida. Kampuni ya Åhlén & Åkerlund ilianza Vecko-Journalen mwaka 1910, ikajaza picha za wafalme, waigizaji na wanamichezo. Mwaka 1907 ilikuwa imeanzisha kitabu cha kila Krismasi, Bland tomtar och troll, ambamo John Bauer alichora madubwana ya msituni yenye pua kubwa na macho ya huzuni ambayo kila Mswidi anayajua. Machapisho ya Krismasi yalipata wabebaji wa aina yake. Watoto wa shule walipita mlango kwa mlango wakiwa na katalogi, wakachukua oda na kujipatia kamisheni, desturi iliyodumu hadi siku hizi. Mwaka 1929 familia ya Bonnier, wachapishaji wakubwa wa vitabu, iliinunua kampuni.

Wafanyakazi nao hawakukaa kutazama. Mwaka 1934 vuguvugu lao lilianzisha Folket i Bild. Viongozi wake waliona kuwa vibanda vya magazeti vilijaa majarida ya mapenzi na mauaji, na kwamba fundi wa kiwandani hapiti dukani kununua vitabu. Wakatafuta mawakala maelfu, karibu kila sehemu ya kazi. Mwenzako wa zamu ndiye aliyekuletea jarida siku ya mshahara, na wakati mwingine akakuletea na riwaya kwa bei ya kutupa. Vilhelm Moberg na Ivar Lo-Johansson, wote waliotoka familia maskini za mashambani, walipata huko wasomaji ambao duka la vitabu lisingewapa. Kwa maoni yangu huo ndio mpango bora wa usambazaji wa fasihi kuwahi kubuniwa Ulaya kaskazini, na televisheni ndiyo iliyoudhoofisha zaidi ya washindani wote.

Ushirika ulikuwa na jarida lake pia. Muungano wa maduka ya ushirika ulikuwa na Konsumentbladet, na mwaka 1937 likaitwa Vi, yaani Sisi. Lilikwenda nyumbani kwa wanachama, likichanganya bei ya unga na hadithi fupi za waandishi wazuri. Hapa ndipo historia hii inapofika kwetu. Mwaka 1983 jarida hilo liliwaomba wasomaji wake wachange fedha za kupanda miti katika ardhi kavu ya Pokot Magharibi, nchini Kenya. Fedha zikaja. Kazi iliyoanzia Kitale ikavuka mipaka hadi Masaka, Musoma, Kagera na Rwanda, na ikageuka kutoka kupanda miti tu kuwa kilimo mseto, miti ikiwa pamoja na mazao. Mashirika mengi ya maendeleo yamezaliwa na serikali au makanisa. Hili la Vi lilizaliwa na jarida, na wakulima wengi wanaolitaja jina hilo hawajawahi kuona nakala yake hata moja.

Folket i Bild la zamani lilikoma mwaka 1962. Muongo mmoja baadaye jina lilifufuliwa na kundi la vijana wa mrengo wa kushoto, likaitwa Folket i Bild/Kulturfront. Hawakuwa na mawakala wa viwandani. Walisimama barabarani wakiuza wenyewe, hasa mbele ya maduka ya serikali ya pombe, ambako foleni haikosi. Mei 1973 foleni hizo zilipata habari ya kusoma. Jan Guillou na Peter Bratt walifichua kwamba kulikuwa na idara ya siri ya ujasusi, IB, isiyojulikana hata kwa Bunge, iliyokuwa ikiwafuatilia raia wa mrengo wa kushoto. Waandishi hao walikamatwa, na mapema mwaka 1974 wakahukumiwa kifungo kwa kosa la ujasusi, pamoja na aliyekuwa mtumishi wa idara hiyo. Nchi yenye sheria ya 1766 ikajikuta inawafunga waandishi. Guillou alitoka jela akawa mmoja wa waandishi wa riwaya wanaouza zaidi nchini mwake, na mhusika wake mashuhuri ni jasusi.

Habari za siku hizi zinafanana na za kwingine. Vecko-Revyn, jarida la wasichana lililoanza mwaka 1935, lilifunga toleo lake la karatasi mwaka 2018. Posta, iliyokuwa ikigonga kila siku, sasa huleta barua siku moja na kuacha moja. Majarida ya wiki yanaendelea, ila wasomaji wake ni wazee.

Lililo na wauzaji wa kutosha ni Situation Sthlm, lililoanza Stockholm mwaka 1995. Wauzaji wake ni watu wasio na makazi, au waliowahi kuyakosa. Kila mmoja hununua nakala zake mapema kwa nusu ya bei, akasimama nje ya kituo cha treni ya chini ya ardhi, na faida ni yake. Kwa miaka mingi kilio chao kilikuwa kwamba wapita njia hawana tena noti wala sarafu mfukoni. Mwaka 2013 wakaanza kupewa kifaa kidogo cha kusomea kadi kinachounganishwa na simu.